Kufunga wakati wa kaskazi: unywe nini, ule daku saa ngapi, ufanye kazi lini

Kalenda ya Hijria hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na sasa imeiingiza Ramadhani ndani ya kaskazi, msimu wa joto wa pwani. Kati ya mwaka 2014 na 2016 tulifunga Juni na Julai, kusi inavuma na usiku mtu anatafuta shuka. Mwaka 2024 mwezi uliandama Machi, mwaka 2025 mwanzoni mwa Machi, na mwaka 2026 ukafika Februari, wakati ambapo Dar es Salaam, Tanga, Unguja na Mombasa hata paka analala kwenye sakafu ya saruji. Mwaka 2030 utakuwa na Ramadhani mbili, moja ya Januari na nyingine itakayoanza mwishoni mwa Desemba. Kwa hiyo watu wa pwani tuna miaka kadhaa mbele ya kufunga kwenye joto, na si vibaya kila mtu akajua utaratibu unaomfaa yeye.

Tatizo ni kwamba ushauri mwingi unaozunguka kwenye simu haukuandikwa kwa ajili yetu. Umetoka Ghuba au Ulaya, na joto la huko lina tabia zake.

Funga tatu za joto

| | Pwani yetu, Februari na Machi | Muscat (Oman), Juni na Julai | London, Juni |
|---|---|---|---|
| Muda wa kufunga | saa 13 na kitu | karibu saa 15 | saa 18 hadi 19 |
| Joto la mchana | nyuzi 32 au 33, na usiku halishuki sana | hupita nyuzi 40 | la wastani |
| Kinachochosha zaidi | jasho lisilokauka | jua na upepo wa moto | urefu wa siku, ufupi wa usiku |

Nyuzi 32 za Dar zinaonekana ndogo ukiziweka pembeni ya 42 za Muscat, lakini hewa yetu imejaa unyevu. Jasho linapoza mwili pale linapokauka. Likibaki kutiririka mgongoni, maji yametoka na mwili haujapoa. Ndiyo maana mtu aliyekaa tu dukani Kariakoo bila kubeba chochote anafika alasiri mdomo umemkauka.

Kwa upande mwingine tuna utajiri ambao ndugu zetu walioko London hawakuwa nao miaka ile ya Juni: usiku mrefu. Kutoka magharibi hadi alfajiri tuna zaidi ya saa kumi. Wao walikuwa na saa tano au sita za kufuturu, kuswali tarawehe, kula daku na kulala. Ukisoma ushauri wa Ulaya unaokwambia uunganishe futari na daku, jua umeandikwa kwa mtu mwenye usiku wa aina hiyo. Wewe unao muda wa kunywa taratibu, na huo ndio msingi wa karibu yote yanayofuata.

Kunywa kwa mkupuo au kunywa kwa awamu

Watu wengi wanakunywa vikombe viwili vya juisi magharibi, wanakula, wanasahau maji, halafu dakika kumi kabla ya adhana ya alfajiri wanajaza tumbo lita nzima. Maji hayo hayakai. Yakiingia mengi kwa mara moja, figo huyatoa, na saa 2 asubuhi umeshakwenda chooni mara tatu huku mchana wote bado uko mbele.

Mtu mzima mwenye afya akipata lita mbili hadi mbili na nusu kati ya magharibi na alfajiri, kwa kawaida anakwenda vizuri. Anayefanya kazi ya jasho anahitaji zaidi. Igawe: glasi mbili na tende wakati wa kufungua, moja baada ya chakula, moja kabla na moja baada ya tarawehe, nyingine kabla ya kulala, mbili wakati wa daku. Chupa ya kwenda nayo msikitini ina faida kuliko jagi la nyumbani, kwa sababu iko mkononi.

Sasa, chupa hiyo itiwe nini?

Maji matupu yanabaki kuwa ya kwanza, na sitayaelezea sana. Ya baridi au ya mtungi ni hiari yako.

Uji ndio mzee wa futari za pwani, uwe wa mchele wenye pilipili manga, wa ulezi au wa mtama. Unaleta maji na wanga pamoja, na tumbo lililolala mchana kutwa halishtuki. Kasoro zake ni mbili: sukari, ambayo mkono wa mpishi huwa hauioni, na uzito. Uji mzito unakalia nafasi ya maji. Ukiuchagua, upike mwepesi, bakuli moja, na usiuhesabu kuwa umemaliza kazi ya kunywa.

Madafu nayapa nafasi ya juu kuliko kinywaji chochote kingine cha baada ya tarawehe. Sukari yake ni ya kiasi na yana potasiamu nyingi. Yana upungufu wa chumvi ya kawaida, ambayo ndiyo inayotoka kwa wingi kwenye jasho, lakini upungufu huo chakula cha futari huuziba chenyewe. Mwambie muuzaji akupe dafu, siyo koroma: nyama ikishakuwa ngumu, maji yamepungua na unalipia kutafuna. Mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia dawa za presha zinazozuia potasiamu kutoka, amuulize daktari kwanza. Na mtu anayeharisha asijitibu kwa madafu. Anahitaji maji yenye chumvi na sukari ya kipimo yanayotoka kwenye pakiti ya dukani au zahanati.

Ukwaju unafungua hamu ya kula na unakata ule ukavu wa mdomo kuliko hata maji. Lakini tuseme ukweli, ukwaju wa Ramadhani ni sukari iliyotiwa ukwaju. Wenye vidonda vya tumbo wasiuanze tumbo likiwa tupu. Tena ukwaju unalegeza choo, kwa hiyo kuunywa wakati wa daku ni kamari ambayo hutaki kuishindwa ukiwa kwenye daladala. Unywe usiku, umepunguzwa kwa maji. Ubuyu nao upangie saa hizohizo.

Tikiti maji silihesabu kama kinywaji, ila nalitaja hapa kwa sababu vipande vinne vya tikiti kabla ya kulala vinamfaa mtu asiyependa maji. Watoto wanaojifunza kufunga hulikubali bila vita.

Chai na kahawa zimesingiziwa kidogo. Kwa aliyezoea, maji yaliyomo kwenye kikombe cha chai yanabaki mwilini kwa sehemu kubwa. Hasara yake iko kwenye usingizi, na kwenye kichwa kinachogonga siku za kwanza za mwezi kwa sababu mwili umekosa kikombe chake cha asubuhi. Anayekunywa vikombe vitano kwa siku aanze kupunguza tangu Shaabani. Kahawa chungu ya barazani kwa kashata ni vikombe vidogo vidogo. Haikutoi maji, ila inakukesha, na aliyekesha anaikuta asubuhi ndefu.

Soda na juisi za pakiti: sukari nyingi, kiu inarudi upesi. Vile vya kuongeza nguvu viache kabisa.

Ukitaka nikuchagulie: maji na tende kufungulia, uji mwepesi pamoja na futari, dafu moja baada ya tarawehe, maji tena hadi daku. Kama dafu limepanda bei mtaani kwenu, tikiti na maji vinatosha.

Daku la usiku, daku la alfajiri, au kulala moja kwa moja

Hapa ndipo hesabu inapouma. Chukua mtu anayekula daku saa 5 usiku ili asisumbue usingizi, kisha asiguse kitu hadi magharibi ya saa 12 na nusu jioni. Amekaa zaidi ya saa 19 bila kula wala kunywa. Amejifungisha funga ya London ya mwezi Juni, na ameiongezea joto la Dar es Salaam, wakati dini haikumtaka hivyo.

Daku la saa 10 na nusu alfajiri linakupa funga ya saa 14 hivi. Ubaya wake unaujua: usingizi unakatika, chakula hakishuki, na kama umelala saa 6 usiku baada ya kupiga soga barazani, kengele ya simu inakuwa adui. Mtume (s.a.w.) alihimiza kula daku na akasema lina baraka, na wanazuoni wanasema hata funda la maji linahesabika. Funda hilo ndilo mlango wa wale wasioweza kula alfajiri.

Kwa hiyo ukilinganisha: mwenye kazi ya nguvu au ya juani asikubali chochote isipokuwa daku la mwishomwisho. Mwenye kazi ya kukaa, ambaye tumbo lake halipokei chakula alfajiri, anaweza kula saa 5 au 6 usiku, mradi aamke kabla ya adhana kwa tende chache na glasi mbili za maji. Kulala moja kwa moja bila chochote ni chaguo ambalo kaskazi hii sioni linamfaa nani, labda aliyepitiwa.

Juu ya kipi kiliwe, tofauti kubwa iko kwenye chumvi. Wali wa nazi kwa papa au ng'onda ni chakula kitamu ambacho kufika saa 5 asubuhi kitakukumbusha kila kipande. Achari vilevile, na bajia zilizobaki jana. Viweke usiku wa mapema, wakati bado unaruhusiwa kunywa. Daku lipe mihogo au viazi vitamu vya kuchemsha, maharage au kunde, yai, mtindi, ndizi mbivu. Wali si haramu. Upungue, na maharage yazidi, kwa sababu wali mweupe peke yake unakuacha na njaa mapema. Chapati zilizolowa mafuta zinakaa tumboni, hilo ni kweli, ila zinakaa pamoja na kiungulia.

Futari yenyewe inajulikana. Meza yenye mihogo ya nazi, mbaazi, samaki na matunda inamshinda ndugu yake mwenye sambusa, katlesi, kaimati na viazi karai kwa kila kipimo isipokuwa ladha. Chagua kimoja cha kukaanga kwa siku, siyo vinne.

Asubuhi au jioni

Oman, sheria ya kazi inampa mfanyakazi Mwislamu saa zisizozidi sita kwa siku mwezi wa Ramadhani, na kuanzia Juni hadi Agosti kazi za nje husimama mchana kati ya saa 6 na nusu na saa 9 na nusu. Kwetu mambo haya mara nyingi huwa maelewano tu na tajiri. Afadhali basi ujue saa ya kuomba.

Kazi ya asubuhi, kuanzia baada ya swala ya alfajiri hadi saa 4 au 5, ina faida mbili: jua bado halijapanda na maji ya daku bado unayo. Kazi ya kuanzia saa 10 jioni ina faida moja tu, kwamba futari iko karibu. Jua linapungua, lakini mwili umeshatumia akiba yake. Fundi mwashi, mchimba mtaro, mbeba mizigo wa bandarini: asubuhi, bila kujadili. Zamu ya tatu ni ya baada ya tarawehe, na kwa mwenye karakana yenye taa huenda ndiyo bora kuliko zote.

Dereva wa bodaboda ana hesabu tofauti. Saa moja kabla ya magharibi ndiyo yenye abiria wengi, kila mtu anakimbilia nyumbani, na ndiyo saa ambayo dereva ana kiu, usingizi na hasira fupi. Anayeweza kuikosa pesa hiyo aikose. Asiyeweza apate angalau usingizi wa nusu saa baada ya adhuhuri.

Wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani hawana uhuru wa kuchagua, kwa sababu bahari ndiyo inayopanga. Maji hukauka sana wakati wa bamvua, ambalo huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na bamvua la Unguja hukausha pwani kati ya saa 4 na saa 6 mchana. Maana yake siku za mwanzo wa Ramadhani na zile za katikati ndizo zenye kazi nyingi juani, miguu majini na kichwa motoni. Kwa kuwa kalenda ya mwezi ndiyo hiyohiyo kwa saumu na kwa maji, siku hizo zinajulikana mapema: usiku wake ndio wa kunywa zaidi na kulala mapema, na mambo ya kushona nguo za Idi yangoje maji mafu, siku ambazo bahari haikauki sana.

Kuna kazi moja ambayo haihesabiwi kuwa kazi. Mama aliyekaa mbele ya jiko la mkaa kuanzia saa 9 alasiri, anakuna nazi, anakaanga, jikoni kwenye bati na dirisha moja, yuko mahali penye joto kuliko pote mtaani, tena saa ambayo kiu imefika kileleni. Nyumba zinazojali zimehamisha kazi hiyo: maharage na mbaazi zinachemshwa usiku, nazi inakunwa na mihogo inamenywa asubuhi, jiko linatolewa kivulini uani, na jioni kinabaki kupashwa na kutiwa tui. Njia ya pili, iliyo rahisi zaidi, ni kupunguza aina za vyakula. Wanaume wa nyumba wakikuna nazi funga yao haitaharibika.

Feni, kiyoyozi au maji

Kwa nyuzi 32 zenye unyevu, feni inafaa, kwa sababu inasaidia jasho kukauka. Kwenye nyuzi 42 inakupulizia moto, ndiyo maana jamaa wa Muscat wanaidharau. Kiyoyozi kinafanya kazi vizuri kuliko vyote, kwa gharama ya umeme na mafua ya kuingia na kutoka. Bora kuliko vyote kwa pesa ndogo ni maji: kanga au kikoi kibichi mabegani chini ya feni, kuoga mchana, kulowesha miguu. Wapo wanaoogopa kwamba kuoga kunapunguza thawabu. Imepokewa kwamba Mtume mwenyewe alijimwagia maji kichwani akiwa amefunga kwa sababu ya kiu au joto, kwa hiyo jimwagie, chunga tu yasipite kooni.

Aliye kwenye nyumba ya bati asishinde ndani mchana. Sakafu ya msikiti baada ya adhuhuri, au chini ya mwembe, panamshinda.

Kuendelea au kufungua

Ushujaa una mpaka. Kizunguzungu kisichoisha ukilala kivulini, kutapika, kuchanganyikiwa maneno, ngozi kuwa ya moto, kuzimia: fungua hapohapo kwa maji, na aliyezimia au aliyechanganyikiwa apelekwe hospitali. Mkojo wa rangi ya chai nzito mapema mchana ni onyo kwamba usiku wako haukutosha.

Mwenye kisukari azungumze na daktari kabla ya mwezi kuandama, hasa anayetumia insulini, kwa sababu saa za dawa hubadilika. Wataalamu wanasema afungue sukari ikishuka chini ya 3.9 mmol/L, au ikipanda juu ya 16.6. Kujitoboa kidole kupima hakufunguzi kwa kauli ya wanazuoni wengi wa leo, basi asiache kupima kwa hofu hiyo.

Qur'ani imewapa ruhusa mgonjwa na msafiri kufunga siku nyingine, na wanazuoni wamewaingiza mjamzito na anayenyonyesha wanapohofia afya zao au ya mtoto. Siku hizo si lazima zilipwe kwenye joto lilelile. Anayedaiwa qadha anaweza kuilipa Juni, Julai au Agosti, kipupwe kikiwa kimeingia, magharibi inafika mapema kidogo na kiu inapungua. Mzee au mgonjwa asiyetarajia kupona hana qadha, ana fidya: kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku kwa wafuasi wa Shafi, yaani pishi moja hutosha siku nne. Mwenye uwezo wa kulipa aangalie tu asivuke Ramadhani inayofuata bila udhuru, kwa sababu hapo, kwa madhehebu hayohayo, atadaiwa siku yake na kibaba juu yake.